Kafa Ulaya, Kazikwa Namkunda

Siku robota lile la mitumba lilipofunguliwa sokoni Lindi, mimi na Somoye tuliligombania kama kawaida yetu, huyu anavuta gauni, yule anavuta blauzi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Watu walikuwa wamechoka kupanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na mitumba ilipoingia kila mtu alitaka kupendeza. Nguo zenyewe tuliziita kafa Ulaya, kwa kuwa tuliamini hakuna mwenye akili timamu atakayetoa suruali nzima hivihivi akiwa hai.

Somoye alikuwa mwenzangu wa biashara, tena mtani wangu. Yeye kwao Miteja, mimi kwetu Rondo, na koo zetu zilitaniana tangu enzi za mababu. Mtani si mtu wa kuchekeshana tu. Akifiwa, unakwenda msibani kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Akifa yeye, wewe ndiwe wa kushika maji na sanda.

Chini kabisa ya robota tulikuta shuka nyeupe, zimetariziwa maandishi ya buluu pembeni. Hasara tupu. Nani Lindi atalalia shuka nyeupe pepe, ajitabirie sanda?

"Hizi zako, mtani," nilimwambia. "Ukizikwa na kafa Ulaya, malaika watakuuliza kwa Kizungu."

"Na wewe utakuwa mkalimani wangu," akajibu, "maana utanitangulia."

Shuka moja alimpelekea mama yake Miteja, Bi Mwanaidi, mwanamke asiyeogopa kitu. Zilizobaki tulizifunga pamoja na magauni, tukavuka nazo Ruvuma.

Ukiutaja Namkunda leo, mtu anakushika mkono na kukuambia pole. Redio iliutaja mji ule kwa sababu ya maiti, na watu wa kwetu wakaongeza chumvi mpaka ukawa mji usio na binadamu. Mimi naujua. Ulikuwa mji mdogo wa Msumbiji wenye mchanga mwekundu na wanawake wenye ulimi mkali kuliko wetu, na hilo si jambo dogo. Vita vya nchi yao vilikuwa vimewavua nguo, wengine wakijifunga magunia. Walitupa ufuta, tukawapa magauni. Kimakonde chao na Kiswahili chetu vilitosha kwa kubishana bei.

Asubuhi ile Somoye alikuwa akimpima gauni msichana aliyekaribia kuolewa.

"Simama wima," alimwambia. "Bwana harusi hataki mke aliyejikunja."

Milio ya risasi ilianzia upande wa kisima.

Tukalala chini.

Vumbi liliniingia kinywani. Nilisikia watu wakikimbia, kisha sikuwasikia tena.

Niliita, "Mtani."

Nikamtikisa bega, nikamwambia, "Somoye, acha utani."

Hakuwa anatania.

Waasi walipita sokoni wakizoa, nami nimejilaza kama maiti. Walichukua magauni, mashati, hata kandambili zilizokuwa miguuni mwa maiti. Mmoja alifungua furushi letu la shuka. Alipoona weupe ule alilitupa na kurudi nyuma. Watu waliotoka kuua waliogopa sanda.

Walipoondoka, wanawake wa Namkunda walitoka walikojificha. Walikuwa na maiti wao wengi, akiwamo yule bibi harusi. Shangazi yake, mwanamke mrefu aliyeitwa Anchilo, alikuja niliposimama na furushi langu. Nilimwambia tugawane shuka, tuwazike wake na wangu.

Alizihesabu kwa macho akatikisa kichwa. "Hazitoshi. Azikwe mgeni kwanza, kamili."

"Na binti yenu?"

"Wetu tutawaomba radhi wenyewe. Mgeni tutamwombea radhi kwa nani?"

Walinipa maji ya kumwoshea, na maji pale yalikuwa shida. Tulizichana pembe zenye maandishi, kwa kuwa Anchilo alisema haifai mtu aende kwa Mola na jina la mwingine; kipande kimoja nilikifunga kwenye kanga yangu. Wanaume waliobaki walichimba kaburi huku wakitazama msituni. Binti yao wakamzika na mkeka. Nilimlilia mtani wangu, nikawalilia wale watu pia, na sijui hadi leo nilimlilia nani zaidi.

Niliporudi Lindi, habari zilikuwa zimenitangulia. Aliyefia Namkunda kaliwa na mbwa, ndivyo walivyosema. Maneno hayo yalifika Miteja, na Bi Mwanaidi akakataa khitma isisomwe. Asiye na kaburi hajafa, alisema. Kila basi liliposimama alikwenda barabarani kutazama wanaoshuka. Chakula kilimshinda, na ndugu zake walinitumia ujumbe kwamba huyu naye tutampoteza.

Nikaenda. Nilimkuta barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Alitazama basi mpaka likaondoka. Nyumbani nilimweleza yote, maji, kaburi, wanawake wale. Majirani walijaa uani. Alisikiliza kwa uso mkavu.

"Unanifariji," alisema. "Watu wanavaa magunia. Sanda wameipata wapi?"

Nilifungua fundo la kanga nikampa kile kipande cha pembe. Alikigeuza, akaingia ndani, akatoka na shuka yake ya kitandani, ile aliyoletewa na Somoye. Aliweka maandishi juu ya maandishi. Buluu ileile, herufi zilezile.

Nilikuwa mtani, na kazi ya mtani ilikuwa haijafanyika. Nikasema, "Kazikwa na kafa Ulaya, mama. Malaika wanamuuliza kwa Kizungu."

Uani mtu mmoja aliguna.

Bi Mwanaidi alicheka. "Mwanangu na Kizungu wapi na wapi," alisema. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa ndipo kilio kikatoka, kile alichokizuia muda wote ule. Tulimwacha alie. Kisha akaagiza waite mwalimu, khitma isomwe.

Jirani mmoja, kwa nia njema, aliinua mikono akasema mji ule Mungu aulaani.

Bi Mwanaidi alijifuta uso kwa pembe ya shuka.

"Usiutukane mji huo," alisema. "Ndiko kwao sasa."