Uliza, Meza Mate, Ngoja

Mtaa mzima ulimwita Redio, na mwenyewe hakukasirika, maana jina lilimkaa sawasawa. Mama yule aliongea akifagia, aliongea akifunga mlango, aliongea na paka wa jirani na kumjibia paka. Mdomo huo aliupata sokoni, alikouza mitumba miaka nenda miaka rudi, na huko asiyepaza sauti hurudi nyumbani na mzigo wake. Magoti yalipoanza kumsumbua akaliacha soko, na kituo cha malezi ya watoto kikamwajiri. Kilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya zahanati, chenye mkeka mpana, viti vifupi vya watoto, na kabati la milango miwili lililowahi kuwa la duka la vitambaa.

Jamani, kabati hilo lilikuwa na utajiri. Mipira ya matambara, vikombe vya plastiki vya kupangana, chupa zenye maharage ndani, ukizitikisa zinalia, na vitabu vya picha vilivyotafunwa pembe zote. Mzazi alichagua kitu, akaenda kucheza na mwanawe nyumbani wiki nzima, akakirudisha na kuchukua kingine. Lakini hakutoka mtu bila somo. Redio aliwaambia wazazi, pamoja na mabibi waliokuja shingo upande, kwamba kikombe peke yake hakimfundishi mtoto kitu, anayemfundisha ni wewe uliyekaa naye chini. Kisha aliwapa kanuni aliyoitunga mwenyewe baada ya semina moja ndefu, ambayo nusu yake alisinzia: uliza, meza mate, ngoja. Muulize mtoto mpira uko wapi. Meza mate. Yakishashuka, ngoja tena kidogo, maana na yeye analitafuta neno lake, na hajui bado amelitia mfuko gani.

Na kanuni ilifanya kazi. Kulikuwa na fundi viatu mmoja, mtu wa maneno machache kuliko nyundo yake, aliyeleta mapacha waliokuwa wakinung'unika tu. Haikupita miezi mingi mapacha wakawa wanagombana kwa sentensi ndefu. Fundi alisema hajui kama amshukuru Redio au amlaumu.

Sasa shida ilikuwa nyumbani kwa Redio mwenyewe. Mjukuu wake, waliyemwita Kipusa, alikuwa amepita miaka miwili na nusu na hajasema hata "mama". Si kwamba alikuwa haelewi. Ukimwambia lete viatu, analeta, tena vyako, si vya jirani. Muuguzi wa zahanati alimpima masikio, akamtazama kinywa, akasema vyote viko sawa, waendelee kuongea naye, na wasipoona mabadiliko warudi wapelekwe kwa mtaalamu. Waendelee kuongea naye! Redio alitoka pale anatabasamu. Kama dawa ni maneno, basi duka la dawa lilikuwa nyumbani kwake.

Lakini binti yake, mama wa Kipusa, alikuwa amechoka. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri na kurudi alasiri, mtoto anashinda na bibi, na kila kona watu wanamuuliza kama mwanawe ni bubu. Mama mkwe wake naye alikuwa akipiga simu kila mara: mlete huku, nyumba imejaa watoto, atasema tu. Na huko kwa mkwe si jirani, ni safari ya kutwa nzima. Jioni moja binti akiwa anakunja nguo, alisema bila kuinua macho:

"Mama, mwisho wa mwezi nitampeleka Kipusa kwa bibi yake mwingine. Usinielewe vibaya."

Redio alimwelewa vibaya sana. Yule ni mtoto aliyemlea tangu kitovu hakijakauka! Aibu ya mtaani angeimeza; waseme mganga hajigangi, wacheke, wachoke. Ila nyumba bila vile vidole vinavyomvuta gauni, hapana, hiyo hakuiweza. Kwa hiyo akaongeza dozi. "Sema maji. Kipusa, sema maji. Unataka maji? Ndiyo bibi, nataka maji. Haya, kunywa mama." Yote hayo kwa pumzi moja, na Kipusa alikuwa hajawahi hata kufumbua mdomo.

Siku ya kurudisha vitu, fundi viatu alikuja na vikombe vyake akawakuta bibi na mjukuu mkekani. Akakaa kwenye kiti kifupi, magoti karibu yaguse masikio, akasubiri. Redio alimuuliza Kipusa anataka mpira au kitabu, akajijibu kitabu, akakifungua, akauliza huyu nani, akajibu ng'ombe, akauliza ng'ombe analiaje, akalia yeye. Fundi alijikuna kichwa kwa muda mrefu.

"Bibi," alisema mwishowe, "mate unameza saa ngapi?"

Redio alikasirika, tena sana. Alimpokonya vikombe, akafunga kabati kwa kishindo, akamshika mjukuu mkono wakaondoka. Njiani akamuuliza, "Umechoka, mwanangu?" na papo hapo akajisikia akijibu, "Nimechoka, bibi." Akasimama katikati ya njia. Kumbe kwa siku zote hizo zamu ya mtoto ilikuwa haijawahi kufika. Alilia pale pale, na wapita njia wakadhani amefiwa.

Binti alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, akauliza nani atanyamaza, Redio? Lakini alikubali mama yake ajaribu mpaka mwezi uishe. Basi hapo ndipo mama wa watu alipoonja joto ya jiwe. Aliuliza swali moja, akameza mate, akauma pindo la mtandio wake ili neno lisichomoke. Majirani walileta pole wakidhani anaumwa. Paka naye alikuja kuchungulia. Kipusa alimtazama midomo bila kusema kitu, siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka mwezi ukaisha na binti akashusha begi kutoka juu ya kabati la nguo.

Alasiri hiyo begi lilikuwa wazi kitandani, na magauni madogo yakiingia moja moja. Redio alikaa sakafuni na kikombe cha maji mapajani. Akauliza mara moja tu, "Unataka nini?" Akameza mate. Akauma mtandio. Kipusa alikitazama kikombe, akamtazama bibi, akakitazama tena kikombe. Kisha akasogea, akauvuta ule mtandio taratibu ukamtoka bibi mdomoni, akamwekea kiganja shavuni.

"Bibi," alisema, "sema."

Binti alibaki ameshika mkono wa gauni. Halafu akalitoa begini, na lingine, na lingine, huku analia na kucheka pamoja. Redio alikuwa na maneno ya kujaza soko zima. Akameza mate, akangoja, kwa sababu mtoto alionekana bado anatafuta lingine.