Udongo wa Kiatu cha Kiholanzi

Ndugu wasomaji, nimekosa, na aliyeniponza si shetani wala mtu mwingine. Ni mimi na tamaa yangu ya vyombo. Nitukaneni tu.

Naishi Jakobsberg, hapa Stockholm. Ninakusanya vyombo vya ukumbusho vya Kiholanzi, vile vya udongo vya miaka ile: visahani, vikombe, viatu vidogo vyenye picha ya kinu cha upepo kwa rangi ya buluu. Vilivyochorwa kwa mkono huwa na herufi za mchoraji chini. Nikikiona kimoja, akili huniruka!

Siku hiyo tulikuwa Vårby gård kwa Mama Riziki, Mkongomani tunayesali naye. Ibada ilipokwisha nikaingia jikoni kuosha vyombo. Dirishani, kiatu! Kimejaa udongo mkavu. Nikadhani ua lilikufa, mwenyewe akasahau.

Sikuuliza. Nikaumwaga wote kwenye sinki, nikafungulia maji, nikakigeuza. Herufi zilikuwepo. Nilifurahi jamani! Mpaka leo najichukia kwa ile furaha.

Mara nikamsikia Mama Riziki sebuleni akimsimulia mgeni.

"Nilimuzika Riziki kule kambi ya wakimbizi miguu wazi, hakuwa na viatu. Udongo ya kaburi yake nimeiweka ndani ya kiatu. Dada, utuletee kile kiatu cha kwa dirisha!"

Mungu wangu! Nikatazama sinki, maji yalishauchukua wote. Kwenye roshani kulikuwa na chungu cha vitunguu. Nikachota udongo humo, nikajaza kiatu, nikapeleka. Akaupapasa kwa kidole, akaomba. Nami nikaitikia amina!

Kambi yenyewe ilishafungwa, pamekuwa pori. Hata nikipata nauli, nitachota wapi?

Sasa Mama ni mgonjwa sana. Jumapili alinishika mkono.

"Wewe unapenda hivi vitu. Nikikufa, ile udongo uitie ndani ya sanduku, nizikwe na mutoto wangu. Kiatu kitakuwa chako."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Nikimwambia ukweli, nammaliza kabla ya siku yake. Nikinyamaza, namzika na udongo wa vitunguu. Silali, sili. Nikiliangalia kabati langu la vyombo natamani kuvivunja vyote!

Wenzangu, msiguse cha mtu kabla hamjauliza, hata mkikiona kichafu namna gani! Na mkikosa, semeni papo hapo, mwenyewe angali na nguvu za kuwagombeza. Mimi, kila nikienda kumwona, Mama ananishukuru.