Siku Nne za Chemchemi

Ghati Mwikwabe hufundisha hisabati katika sekondari moja ya Kemambo. Wengi hawakujua kwamba chuoni alisomea namna ya kukokotoa jinsi joto au sumu inavyosambaa. Walijua Jumatano ile, Vedasto, fundi wa maji, alipoingia ofisi ya walimu na karatasi za vipimo.

Bwawa la kuoshea dhahabu la Machage, baba mdogo wa Ghati, lilikuwa limepasuka chini. Sayanidi, sumu inayotumika kusafishia dhahabu, ilikuwa ikipenya udongoni kuelekea chemchemi ya kijiji.

"Itafika lini, mwalimu?" Vedasto aliuliza. "Mkutano wa kijiji ni saa kumi. Nikifunga chemchemi bure, watu watanipiga. Nisipofunga..."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kompyuta ilibakiwa na theluthi ya chaji. Ghati alijaribu njia rahisi: mara siku tisa, mara siku mbili. Akajaribu njia makini zaidi, lakini hiyo ilidai hatua moja ya kurudi nyuma katika muda. Sumu iliyokwisha kutawanyika hairudi ilikotoka. Ukiilazimisha kwenye hesabu, kosa dogo linavimba. Kioo cha kompyuta kikajaa namba za ajabu, sumu nyingi kuliko udongo wenyewe.

Kisha akakumbuka: hatua zenyewe zinaweza kuwa namba changamano, zile zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Akazipanga hivyo. Sehemu halisi ya kila hatua ilibaki chanya, kwa hiyo hesabu ilisonga mbele tu, na mwishoni akachukua sehemu halisi ya jibu. Siku nne. Ili kuhakikisha, akapunguza ukubwa wa hatua kwa nusu. Siku nne tena.

Mkutanoni alimwamkia baba yake mdogo. Machage hakuitikia. Ghati akaeleza hesabu yake, zile namba za kufikirika zikiwemo: sumu ingefika Jumapili.

"Mimi ndiye niliyekupeleka chuo," alisema mbele ya watu. "Leo unanianika kwa namba za kufikirika?"

Wachimbaji wakacheka. Mama Tabitha, mwenye watoto sita, akasimama.

"Machage, Jumapili wewe utayanywa maji hayo?"

Wanakijiji wakamuunga mkono Mama Tabitha. Chemchemi ikafungwa.

Jumapili ikafika, na kipimo cha Vedasto kikaonyesha maji safi. Kufikia mchana vijana wa mgodini walikuwa wameshika nyundo, wakitaka kuvunja kufuli la uzio wa chemchemi. Ghati alisimama mlangoni pa uzio.

"Mnipe mpaka kesho," alisema. "Mkinikuta nimekosea, nitavunja mwenyewe."

Jumatatu alfajiri, Vedasto alipima tena. Kipimo kilibadilika rangi: sumu ilikuwa imefika. Alimwita Ghati aje aone kwa macho yake, kisha wote wawili wakakaa chini kwenye majani yenye umande.

Jioni Machage alifika nyumbani kwa Ghati, matope hadi magotini. Alikuwa ameshinda akilitoa maji bwawa lake kwa pampu.

"Na shamba langu la mihogo, kule bondeni, sumu italifikia lini?"

"Hilo sijalipigia hesabu, baba," Ghati alijibu, akamsogezea kiti.