Mgongo wa Klotilda na Nguo ya Mazishi

Klotilda alifuma akiwa amepiga magoti, maana kukaa kitako kulikwisha kumshinda. Kijijini kwao, milimani kwenye kisiwa cha Flores, mfumaji huketi chini akanyoosha miguu, ukanda wa ngozi ukamzunguka kiunoni. Mgongo wake ndio unaoukaza mtande, zile nyuzi za urefu zilizotandwa mbele yake. Ukanda huo ulimkandamiza palepale palipouma, juu kidogo ya kifandugu.

Wafumaji wenzake walikuwa na dawa moja tu: kaza ukanda. Akakaza. Maumivu yakateremka hadi unyayo wa kushoto, na haja ndogo ikaanza kumtoka bila yeye kujua. Ndipo alipokwenda hospitali mjini Maumere, na picha ikaonyesha vifuko viwili vya maji vilivyoota kwenye mizizi ya neva, ndani ya mfupa wa chini ya mgongo.

“Wengi wanavyo wala haviwasumbui,” daktari alimwambia. “Vyako vinabana neva. Tutavuta maji kwa sindano, yakirudi, tutapasua. Na Mama, kufuma kwa kukaa basi.”

Sindano ilimpa nafuu hata akalia. Lakini mama yake, Du’a Wisang, alikuwa anakwisha, na nguo ya kumzikia ilikuwa imefika nusu. Kwao nguo hiyo hufumwa na binti, kwa mkono wa mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Klotilda akaurudia ukanda. Maji nayo yakarudi.

Sasa, kwa magoti, mtande ulilegea na nguo ikapwaya.

“Nipe ukanda,” alisema bintiye, Rensiana.

“Mkono wako si wangu.”

“Nani kauomba mkono, Mama? Mimi naleta mgongo tu.”

“Fanyeni upesi basi,” Du’a Wisang alidakia kutoka mkekani. “Mnanichelewesha safari.”

Rensiana akajifunga ukanda. Klotilda akapiga magoti ubavuni pake, akapitisha uzi. Du’a Wisang akanyoosha kidole, akapapasa nguo mahali ilipoanza kukazika upya.

“Hapa pamebadilika mgongo.”

“Nimeiharibu, Mama.”

“Simama nikuone.”

Klotilda alijaribu. Mguu wa kushoto haukumbeba. Akaanguka juu ya mtande.

“Kesho alfajiri mpeleke akapasuliwe,” bibi alimwambia Rensiana. “Mimi nitasubiri.”

“Na ukishindwa, Bibi?”

Du’a Wisang alivuta shuka hadi kidevuni. Klotilda, angali chini, alipapasa akitafuta uzi uliokuwa umemponyoka.