Saa ya Kwenye Kadi

Mume wangu Aristide anapiga picha za harusi, na mwaka huu amechoka kuliko mbeba saruji. Harusi hazijamchosha. Sheria za droni ndizo zilizommaliza.

Droni yenyewe anaikodi kwa Wasim, mwenye studio kule Old Kampala, na imesajiliwa vizuri. Lakini Wasim alimwambia mapema kwamba usajili peke yake hautoshi. Anayeirusha naye anatakiwa awe na kibali. Watu wa usalama wajue ni nani, wapi, lini na kwa nini. Mwenye uwanja aandike kuwa amekubali. Usiipitishe juu ya vichwa vya watu, usiipoteze machoni, usiisogeze karibu na kambi ya jeshi wala uwanja wa ndege. Aristide alikuwa akinisomea haya tukila, mpaka mimi Mbambu, muuza vitenge wa Kabalagala, nikayajua kama bei za bidhaa zangu.

Mwenyeji akikosea, pengine atagombezwa na kuachiwa. Sisi tuna vitambulisho vya wakimbizi. Mkimbizi akikamatwa na chombo kinachopiga picha kutoka angani, nani ataamini kwamba ni harusi? Kwa hiyo Aristide alienda ofisi hii, akatumwa ile, akarudishwa ya kwanza, na hakuinua sauti hata siku moja. Mimi ningeinua.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Benedicte, binti tunayesali naye. Alikuwa anaolewa, na baba yake, Mzee Katembo, alikuwa amebaki Beni, kwetu Kongo. Njia mbaya, vita haviishi, na afya yake haimruhusu kusafiri. Mzee aliomba kitu kimoja tu: awaone watu wote wa harusi kwa pamoja, kutoka juu, ajue mtoto wake hakuolewa kama yatima. Aristide akaahidi kumwonyesha moja kwa moja kwenye simu.

Ruhusa ikatoka. Aliponionyesha nikaisoma, nikakaa chini. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana!

"Aristide, hii saa ulitoa wapi?"

"Kwa kadi ya mwaliko."

"Kwa kadi? We uko Mukongomani kweli?"

Kila mtu wetu hapa Kampala anajua kwamba kadi ikisema saa tatu, ndiyo kwanza watu wanatafuta pasi ya nguo. Saa ya kwenye kadi ni ya kuwaamsha watu tu. Mchungaji mwenyewe anaijua hivyo.

"Ile ni barua ya serikali, Mbambu," akasema. "Ningeandika saa ingine kuliko ya kadi, wangeniita muongo."

Huyo ndiye mume niliyepewa. Muda wa kubadilisha ile ruhusa ulikuwa umepita, na mimi nikapita kwa kila jirani nikimsihi aje mapema. Wote waliitikia vizuri sana.

Siku ya harusi, saa tatu kamili, tulikuwa Kasubi uwanjani: mimi, Aristide, wapishi, na afande Ojera aliyetumwa na kituo cha polisi kutuangalia. Mahema meupe yamesimama, viti vimevikwa vitambaa na riboni. Watu hakuna. Saa nne, watu hakuna. Ojera aliisoma ruhusa, akatazama viti, akaisoma tena.

"Sasa nyinyi nasema harusi. Harusi iko wapi?"

"Inakuja, afande," nikamjibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Bibi harusi alikuwa bado anasukwa. Saa sita ilipokaribia, Aristide aliinuka, akampigia Mzee Katembo simu ya video, picha ikaingia, akairusha droni. Alisema afadhali Mzee aone uwanja kuliko kukosa kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitazama isipotee machoni. Ilipanda pembeni, ikageuza jicho lake kwenye mahema, na ikamwonyesha yule baba safu kwa safu za viti vitupu na sufuria zinazofuka moshi peke yake, maana wapishi walikuwa wamekimbilia kivulini.

Kisha sauti ya Mzee ikatoka kwenye simu, ndogo na ya haraka.

"Batu beko wapi? Balikimbia?"

Na mtandao ukakatika.

Aristide aliishusha droni. Tulipiga simu, haikupita. Tukapiga tena na tena. Huko Beni alikuwako mzee anayejua vizuri maana ya chakula motoni na watu hakuna, naye hakuwa na wa kumweleza.

Saa nane uwanja ulijaa mpaka viti vikapungua. Kila aliyefika alitusalimia kwa furaha, na mimi nilitaka kumpiga kila mmoja wao kwa kiatu. Ojera, akiwa na sahani ya pilau mkononi, alimsogelea Aristide.

"Rusha kidogo, mimi nakula. Mimi hapana ona."

Nilimtazama mume wangu. Moyo wangu wote ulisema rusha.

"Asante, afande," Aristide akasema. "Saa sita imepita. Nikikosea hapa, mimi na huyu mama tutahama tena. Nimechoka kukimbia."

Benedicte alipofika hakuuliza mambo ya picha. "Baba aliona?"

"Aliona viti," nikamwambia. "Aliuliza kama tulikimbia."

Akasimama palepale na gauni lake vumbini, akachukua simu, akapiga. Mchungaji akamngoja. Wote tukamngoja. Ilipopokelewa hatimaye, picha haikuja, ila sauti tu.

"Baba, hatukukimbia. Tuko hapa. Sikia."

Akaigeuzia simu watu. Mama mmoja akaanza kigelegele, wengine wakampokea, wanaume wakapiga makofi, hata Ojera akaweka sahani chini akapiga. Kisha Benedicte akairudisha sikioni, akasikiliza.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema, basi mubaki hapo."