Kwaya Isiyojua Kuimba

Mama mkwe alishuka kutoka mlimani siku chache baada ya mimi kujifungua. Alikuja na mkungu wa ndizi, siagi ya kienyeji kwenye kopo na kibuyu cha maziwa. Kwetu uzazi ndivyo ulivyo: mama wa mume anahamia kwako, anakupikia mtori, supu nzito ya ndizi, na wewe hutoki nje. Unanenepeshwa. Lakini anayekulisha ndiye anayetawala nyumba. Hilo hawakwambii.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mtoto wangu asipewe chochote zaidi ya titi. Nilipimwa kliniki nikiwa na mimba, nikakutwa na virusi. Dawa za kurefusha maisha tulizisikia redioni tu, na maziwa ya kopo yalikuwa ya wake za wenye maduka. Pale mtaani kwetu, Kijenge, kulikuwa na kikundi cha wanawake wenye virusi, wakipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzao wapime. Kiongozi wao alinielekeza bila kuzunguka: "Titi tupu, miezi sita. Hata maji hapana. Ukichanganya, tumbo lake linachubuka ndani, virusi vinapata njia."

Mume wangu, muuza mitumba, alijua. Yeye mwenyewe alikuwa hajapima. Alichosema ni, "Ukimwambia mama, umeniua." Na nisipomwambia, je, nimemuua nani?

Basi nikawa nadanganya. Eti maziwa yanamtoa vipele. Eti daktari amekataza. Mama mkwe akacheka. "Huyo daktari amelea wangapi? Mimi nimelea saba, wote kwa siagi."

Asubuhi moja nikatoka chooni nikamkuta amempakata mtoto, kijiko cha maziwa ya ng'ombe kimeshafika mdomoni. Nikakipiga kofi, kikaruka mpaka chini ya kabati. Kumnyanyulia mkono mama mkwe! Hakupaza hata sauti. Huku akifuta maziwa kwa khanga yake, alisema, "Leo mwanangu akirudi, atachagua."

Hata hajamaliza kufuta, wakaingia wale wa kikundi, wanne, mchana kweupe, wamevaa sare. Hawa ndio watu wa kutunza siri! Walishona vitenge vya zambarau vya kufanana, wakakubaliana kwamba wakiulizwa kwenye nyumba yenye siri, wao ni kwaya. Katika mji uliojaa Walutheri, ambako usipoimba kwaya wewe basi anaimba shangazi yako, wao wakachagua kuwa kwaya.

"Shikamoo mama," alisema kiongozi.

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Sisi ni kwaya, mama. Tumekuja kumpa hongera mzazi."

"Usharika gani?"

Mmoja akasema Themi. Mwenzake, papo hapo, akasema Engutoto.

Mama mkwe ameimba sauti ya pili huko kwao tangu usichana. Akajiweka sawa kwenye kochi. "Haya, imbeni."

Wakaimba. Mungu anisamehe, kila mmoja alianza pake, kama mbuzi waliokurupushwa na mvua. Mama mkwe alivumilia ubeti mmoja, kisha akainua mkono. "Kwaya gani hii? Nyie ni nani?"

Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na mtoto kifuani, nywele timtim, mshono unaniuma, na nikaona nimechoka kuficha aibu isiyo yangu.

"Ni wenzangu, mama. Wana virusi vya ukimwi, na mimi ninavyo. Mtoto hatujui. Ila kama hana, sitaki avipate kwa kijiko chako."

"Umevitoa wapi?"

"Sikuja navyo kwenye sanduku la harusi. Muulize mwanao."

Nilisubiri matusi, au aanze kufunga mizigo yake. Akamgeukia kiongozi. "Na maji ya uvuguvugu?"

"Hata hayo, mama."

"Na dawa yetu ya tumbo, ya majani?"

"Hapana, mama."

Jioni mume aliporudi, alimkuta mama yake mlangoni. "Umepima?"

"Mama, hayo ni mambo ya kliniki, ya wanawake."

"Nimekuuliza kama umepima." Mume akainama kuvua viatu. "Kesho wanapima ofisi ya kata. Nitakupeleka, kama nilivyokupeleka chanjo."

Hakwenda. Alitoka alfajiri akisema anawahi mzigo. Siku alipokuja kupima, alikuwa amebebwa, hajiwezi kwa ugonjwa.

Mimi, asubuhi hiyo, mama mkwe aliniwekea bakuli la mtori mbele. "Sijakusamehe kwa mkono ule."

"Sijaomba, mama."

"Kula. Titi halijazwi na hewa."

Shangazi za mume walipokuja na siagi yao, aliwaambia huyu mtoto halishwi, waipeleke jikoni. Walinuna, wakakisia la virusi, wakaenda kunisema mtaa mzima kwamba nimekanyaga waya. Waseme. Waliokuja kuniuliza kama ni kweli, niliwajibu ndiyo, halafu nikawauliza wao wamepima lini. Wengi walikumbuka wameacha maharage jikoni.

Mtoto alipofikia umri wa kupimwa, hakuwa na virusi. Kanisani wakasema Mungu ni mkubwa. Sikatai. Lakini aliyelinda ule mdomo miezi yote, akigombana na kila mwenye kijiko, ni mimi.