Kalibu ya Damu

Mwaka 2003 mwanangu Ghalia alikuwa akisoma kemia chuoni Maskati, na mimi nikimtania kwamba kazi yake ni kupika faluda isiyolika. Kila Jumatano alirudi Nizwa, vidole vimechubuka kwa dawa.

"Si faluda, mama," aliniambia siku moja jikoni. "Natia protini ya damu ndani ya maji ya dawa. Yakishaganda nayasaga, nayaosha mpaka protini itoke. Panabaki matundu yenye umbo lake. Ukimimina damu nyengine juu yake, protini ile ile ndiyo inayoingia ikakaa. Nyengine zinapita zao."

"Damu ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Astaghfirullah! Nimekusomesha uje uoshe damu ya ng'ombe?"

Akacheka. "Ni kalibu tu, mama. Kama ya babu ya kumiminia fedha."

Hapo nikafahamu. Baba yangu alikuwa sonara.

"Kwa Kiarabu yaitwaje?"

"Qaalib. Neno ni moja."

Taabu yake ilikuwa kuosha. Protini ikibaki ndani, tundu limeziba. Akapata nafasi Uingereza, kwa mwalimu aliyejua dawa ya kuitoa yote. Baba yake amekwisha fariki, basi karatasi ya ruhusa ilitaka saini ya ami yake, Turki, wa Ibra. Turki hakuwahi kutoka Omani. Kiswahili hakijui, na Kiarabu changu cha ukubwani kinamchekesha.

Ghalia alitaka kwenda kwa ami yake mwenyewe. Nikamkatalia. "Mambo haya husemwa na wakubwa."

Nikenda Ibra, Turki akanitilia kahawa. "Kemia si ipo hapa, Umm Ghalia? Huko anafuata nini?"

Mambo ya protini na dawa siyawezi kwa Kiarabu. Nikalishika lile neno moja nililoliamini.

"Qalb, Abu Mahrous."

Nilitaka kusema kalibu. Nimesema moyo, na sikujua.

Akaweka kikombe chini. "Qalb?"

"Naam. Ameianza hapa, anataka kwenda kuikamilisha huko."

"Na huko yuko nani?"

"Mwalimu wake. Mwanamme mzuri sana, anamngoja."

Akaikunja karatasi taratibu, akanirudishia bila ya saini. "Ahsante kwa kunambia kweli," akasema. Nami nikamshukuru kwa kahawa.

Nilikuja kufahamu siku ya tatu, Mahrous, mtoto wa Turki, alipompigia simu Ghalia kumuuliza jina la bwana harusi. Ghalia akenda Ibra na vitabu vyake, akamweleza ami yake neno kwa neno.

"Mama yako ndiye aliyesema," Turki akamjibu. "Na mama hamsingizii mwanawe."

Muda ukapita, nafasi akapewa mwengine.

Sasa Ghalia anafundisha skuli ya wasichana. Juzi walikuja wageni wa Kiarabu, mama mmoja akaniuliza binti yangu alisomea nini. Sijafungua mdomo, Ghalia ameshasimama mbele yangu na sinia ya halua.

"Kaa, mama," akanambia kwa Kiswahili. "Nitasema mie."